Maswali Yenu: Ile sauti ya gitaa ilitoka kwenye amplifaya gani?

Barua za gitaa zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kilekile, kwamba fulani alitumia amplifaya gani kwenye rekodi fulani, kwa hiyo safari hii nimeziweka zote pamoja na nafasi yote ni yenu wapenda rock.

Shikamoo kaka. Mi nimekwama kwenye albamu ya kwanza ya Led Zeppelin. Washkaji zangu wote wanasema pale ni gitaa la Les Paul limechomekwa kwenye amplifaya ya Marshall, manake picha za mpiga gitaa wao Jimmy Page ndo ziko hivyo. Ila kuna mmoja anabisha, anasema ilikuwa amplifaya ndogo ambayo hata jina lake mi sijawahi kulisikia. Nani mkweli? (Mpenda Zeppelin)

Marahaba mdogo wangu. Huyo anayebisha ndo yuko sahihi, hao wengine wote wamedanganywa na picha. Albamu ile ilirekodiwa mwishoni mwa 1968 kwenye studio za Olympic, London, injinia akiwa Glyn Johns, ikatoka Januari 1969, na Page mwenyewe ameshaeleza kwamba gitaa lilikuwa Telecaster, ile ya 1959 aliyopewa na mpiga gitaa mwenzake Jeff Beck halafu akaichora joka kwa mkono wake, na amplifaya ilikuwa Supro. Les Paul na ukuta wa Marshall ni mambo ya baadaye, na ndo yaliyopigwa picha sana kwa sababu bendi ilikuwa imeshakuwa kubwa na wapiga picha wamejazana mbele ya jukwaa. Kwa hiyo mtu anaangalia picha ya 1973, anasikiliza rekodi ya 1968, anaunganisha vitu ambavyo havikuwepo chumba kimoja.

Ila ukishajua ni Supro bado hujamaliza, na hapa ndo mi napapenda zaidi. Supro walikuwa na modeli kibao, na kwa miaka na miaka watu waliamini ya Page ni Thunderbolt, ile yenye spika moja ya inchi 15. Watu wakazisaka hizo Thunderbolt, wakachomeka Telecaster zao, wakawa wanasema mbona inakaribia tu haifiki. Kumbe yenyewe ni Coronado ya 1959 hivi, modeli 1690T, ambayo kiwandani ilitoka na spika mbili za inchi 10 halafu ikabadilishwa ikawekewa moja ya inchi 12. Mwaka 2019 ilionekana kwenye maonyesho ya vyombo vya rock pale makumbusho ya Metropolitan, New York, na mwaka huohuo ikatoka nakala yake inayoitwa Sundragon, iliyotengenezwa baada ya mafundi kuikagua hiyohiyo ya Page. Nusu karne ya ubishi, na muda wote kitu kilikuwepo, kilikuwa hakijafunguliwa tu kikaangaliwa.

Sasa we kama unataka kuikaribia sauti ile nyumbani, usihangaike na jina la Supro kwanza. Chukua amplifaya yoyote ndogo ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), yenye spika moja ya inchi 12, ipandishe mpaka ianze kukwaruza yenyewe bila pedali (kifaa cha mguuni cha kubadilisha sauti), halafu maiki usiibandike kwenye spika peke yake, weka nyingine mbali kidogo ndani ya chumba. Page alitoka kwenye kazi za kurekodia watu studio na alikuwa anaamini sana hilo la maiki ya mbali, kwamba umbali ndo unaleta kina. Ndo maana kaboksi kadogo kanasikika kama limnara la spika.

Habari za kazi kaka. Kuna watu wakisikia sekunde mbili tu wanakwambia hii Marshall, hii Fender, hii Vox. Wanajuaje, au wanabahatisha? Na mi naweza kujifunza? (Sikio Zito)

Nzuri tu, na unaweza kujifunza, ila lazima ujue sikio linafika wapi na linaishia wapi. Sikio likizoeshwa linajua ukoo, modeli ni ngumu, na mwaka wa kutengenezwa hapana, mtu akikwambia kwa kusikia tu kwamba hii ni ya 1967 siyo ya 1968 huyo anabahatisha hata kama amepatia.

Anza na sauti za katikati, yaani siyo besi wala siyo ile ya juu inayochoma. Fender nyingi za miaka ya 1960 katikati pamebonyea, besi ipo na kung'aa kupo ila pale kati pamelegea, ndo maana gitaa safi linasikika kubwa na laini na mwimbaji anapata nafasi yake. Marshall ni kinyume, imesimama palepale kati kwa juu, inabweka, ndo maana hata bendi ikiwa na ngoma nzito na besi gitaa halipotei. Vox AC30 nayo ina valvu nne ndogo za EL84 na haina ule mzunguko wa kurudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuituliza amplifaya, kwa hiyo inang'aa kama kengele, na ukiipandisha haivunjiki ghafla, inakwaruza kidogokidogo kadiri unavyokaza mkono. Msikilize Brian May wa Queen anavyotoka sauti safi kwenda ya kukwaruza kwa kugusa tu kitufe cha volyumu cha gitaa, hiyo ni AC30 imefunguliwa mpaka mwisho na mbele yake kuna kiongeza trebo, yaani kiboksi cha kuzidisha sauti za juu.

Halafu sikiliza besi pale mpigaji anapozuia nyuzi kwa kiganja. Ukisikia dundo zito lililobana, mara nyingi ni kabineti lililofungwa nyuma, lile la spika nne za inchi 12. Ukisikia sauti imetawanyika na besi imelegea, mara nyingi ni boksi lililo wazi nyuma. Hiki kitu kinasaidia kuliko kukariri majina, manake spika na boksi vinabadilisha sauti kuliko watu wengi wanavyodhani, amplifaya ileile ukiihamisha kutoka spika za Jensen kwenda Celestion utadhani umenunua nyingine.

Sasa mtego uko hapa. Marshall ya kwanza kabisa, JTM45, ilitengenezwa kwa kufuata mchoro wa amplifaya ya Fender inayoitwa Bassman. Mabadiliko yalikuwepo, valvu ya kwanza ilikuwa ya aina yenye nguvu zaidi na spika zilikuwa Celestion kwenye boksi lililofungwa, lakini ndani ni ndugu wa damu. Kwa hiyo ukimsikia mtu anaapa kwamba kwenye rekodi fulani ya zamani ni Marshall na hawezi kuwa Bassman, muulize amejuaje. Mtego mwingine ni ukubwa, yaani watu wakisikia sauti nene wanadhani wati 100, wakati kwenye albamu ya Layla ya 1970 mpiga gitaa Eric Clapton alitumia Fender Champ, kitu cha wati 5 hivi, spika moja ya inchi 8, na zile Champ za zamani zilikuwa na kitufe kimoja tu, volyumu basi, hakuna besi hakuna trebo. Ukiifungua yote kila kitu ndani kinaelemewa kwa wakati mmoja, valvu, transfoma mpaka kaspika kenyewe, na maiki ikiwa karibu haijui kama hicho kitu ni kidogo. Na huyuhuyu Clapton miaka minne nyuma, 1966, alikuwa na mwanamuziki wa bluzi John Mayall kwenye studio za Decca na combo ya Marshall (amplifaya na spika ndani ya boksi moja) yenye spika mbili za inchi 12, akagoma kabisa kupunguza sauti wakati mainjinia wa enzi hizo walizoea gitaa la kistaarabu, ikabidi maiki iwekwe mbali naye. Mpigaji mmoja, amplifaya mbili ambazo hazifanani kwa lolote, na zote mbili watu wanasema ndo sauti ya Clapton.

Silaha nyingine ambayo watu wanaisahau ni kalenda. Kitu hakiwezi kuwepo kwenye rekodi kabla hakijatengenezwa, hii inamaliza ubishi mwingi sana. Marshall yenye volyumu mbili, ile 2203, ilitoka 1975, JCM800 ni 1981, spika za Vintage 30 za Celestion ni 1986. Mtu akikwambia gitaa la albamu ya Black Sabbath ya 1970 ni JCM800 huna haja hata ya kuwasha redio, mpiga gitaa wao Tony Iommi alikuwa na amplifaya ya Laney na kiongeza trebo cha Dallas Rangemaster kilichofanyiwa marekebisho. Kabla hujatumia sikio tumia tarehe ya kurekodi, na nasema tarehe ya kurekodi siyo ya kutoka, kati ya hizo mbili watu hununua vyombo vipya wakaenda navyo kwenye ziara wakapigwa navyo picha.

Kaka mambo. Nimesikia Eddie Van Halen alikuwa anapandisha umeme wa Marshall yake mpaka volti 140 ndo akapata ile sauti ya albamu ya kwanza. Ninacho kifaa cha kupandisha na kushusha umeme, nataka nijaribu wikiendi hii. Unashauri nianze na ngapi? (Volti Juu)

Poa mdogo wangu, ila nakuomba sana usijaribu. Hiyo habari siyo kweli na aliyeianzisha ni Eddie mwenyewe. Aliwaambia watu anapandisha, watu wakaunguza amplifaya zao, na baadaye akakiri kwamba kweli yenyewe alikuwa anashusha, mpaka kwenye volti 90 hivi, kule Marekani ambako ukutani unapata karibu 120.

Ukifikiria vizuri kushusha ndo kunaleta maana. Amplifaya ilikuwa Marshall Super Lead ya wati 100 ya mwishoni mwa miaka ya 1960, kitu ambacho kikifunguliwa chote chumbani hakuna anayebaki, na haina volyumu ya pili ya kupunguzia mwisho. Ye alitaka vitufe vyote viwe mwisho kwa sababu hapo ndo inapokwaruza vizuri, kwa hiyo akapunguza chakula cha amplifaya badala ya kupunguza vitufe. Valvu zikipata umeme mdogo zinaelemewa mapema, noti inabonyea kidogo mwanzoni halafu inachomoza, ukishika gitaa unaisikia mpaka kwenye vidole. Ukipandisha unapata kinyume chake, na transfoma moto na valvu zinazokufa, halafu ndani ya hizo Marshall tayari kuna volti zaidi ya 400 ambazo zinabaki kwenye kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme) hata ukishachomoa waya ukutani. Hata huko kushusha siyo bure, manake umeme wa kupashia valvu moto nao unashuka na valvu zinachoka haraka. Siku hizi kuna vifaa vya kukaa kati ya amplifaya na spika vinavyokula nguvu ya ziada, Tom Scholz wa bendi ya Boston alijitengenezea cha kwake akiwa anarekodi nyumbani kwenye besimenti, ndo ile Power Soak iliyokuja kuuzwa, nunua kitu cha namna hiyo uishi.

Na kama unataka kuijua ile sauti yenyewe, fanya hivi. Vaa hedifoni, weka albamu hiyo ya 1978, halafu toa sikio la kulia usikilize la kushoto peke yake. Gitaa liko kushoto, na mwangwi wake injinia Donn Landee aliupeleka kulia. Ukisikiliza kushoto tu utashangaa jinsi amplifaya ilivyo kavu na jinsi mkwaruzo ulivyo mdogo kuliko ulivyokuwa unakumbuka, unasikia mpaka kucha inavyogusa waya. Rudisha sikio la kulia na ule ukubwa wote unarudi. Kumbe nusu ya ile sauti unayoitafuta kwenye Marshall iko kwenye mwangwi ulioongezwa huko studio, na huo hakuna volti itakayokupa.

Mtaalamu, mi nimejichanga nikanunua gitaa la SG na amplifaya ya Marshall kwa ajili ya albamu ya Back in Black ya AC/DC tu. Vitu vyote ni sahihi, nimehakikisha. Mbona gitaa langu limelala? Angus anaruka, mi nimelala. (Nimelala)

Pole sana ndugu, na pesa yako haijapotea, hivyo ni vyombo vizuri. Kuna kitu kimoja hukuambiwa na hakionekani kwenye picha za studio. Angus Young, mpiga gitaa wa AC/DC, miaka ya 1970 alianza kutumia mtambo wa gitaa bila waya unaoitwa Schaffer-Vega, ulibuniwa na Ken Schaffer, lengo lilikuwa akimbie jukwaani bila kujikwaa. Sasa mtambo ule ili usafirishe sauti hewani bila kelele ulikuwa unaibana upande wa kutuma na kuifungua upande wa kupokea, na ukichanganya hiyo na nguvu ya ziada uliyokuwa nayo, gitaa linafika kwenye amplifaya likiwa limebadilika, lina makali zaidi na linaisukuma Marshall kwa nguvu. Angus akaupenda akaingia nao mpaka studio. Watu wakahangaika miaka na valvu na spika, mpaka mpiga gitaa mmoja anayejulikana kama SoloDallas akaufuatilia mtambo wenyewe, akauchunguza, na leo kuna vifaa vinavyoiga ile sehemu ya kubana na kufungua peke yake bila antena.

Ila kabla hujatoa pesa tena, punguza gein, yaani kile kitufe cha kuongeza mkwaruzo. Nasema kwa moyo mmoja, karibu kila mtu anayepiga AC/DC nyumbani anaweka mkwaruzo mara mbili ya uliopo kwenye rekodi. Pale kuna magitaa mawili, la Angus na la kaka yake Malcolm, ile Gretsch ambayo ni safi kuliko unavyodhani, moja kushoto lingine kulia, na ule uzito unatokana na wawili kupiga kitu kimoja kwa wakati mmoja kabisa. Gitaa moja haliwezi kufanya kazi ya mawili, ukijaribu kulilazimisha kwa kuongeza gein ndo linalala hivyo. Rekodi sehemu ya Malcolm kwanza, ikiwa safi, halafu piga juu yake.

Swali fupi tu, je kuna rekodi maarufu ambazo hazina amplifaya kabisa? (Wa Kompyuta)

Zipo. Revolution ya Beatles, ile ya haraka iliyotoka kwenye singo 1968, magitaa yaliingizwa moja kwa moja kwenye miksa na injinia Geoff Emerick akaielemea miksa yenyewe mpaka ikakwaruza, kitu ambacho pale studio za EMI kilikuwa hakiruhusiwi. Na Hysteria ya Def Leppard, 1987, sehemu kubwa ya magitaa ni Rockman, kile kiboksi cha transista kinachovaliwa kiunoni na kusikilizwa kwa hedifoni, kilichobuniwa na yuleyule Scholz wa Boston. Kwa hiyo mtu akikwambia sauti nzuri ya rock lazima itoke kwenye valvu, mwekee hizo mbili.

Kaka naomba unisaidie kitu kinaniumiza kichwa. Kwenye Good Company ya Queen kuna bendi nzima ya tarumbeta na klarineti lakini nasikia ni gitaa la Brian May. Kama ni AC30 mbona haifanani na AC30 yake ya kila siku? (Dada wa Gitaa)

Dada, una sikio, manake hiyo kweli siyo AC30. Hiyo inaitwa Deacy, na katika amplifaya zote nilizozitaja leo hii ndo naipenda kuliko zote.

Mwaka 1972 John Deacon, mpiga besi wa Queen ambaye alisomea elektroniki, aliokota bodi ya mzunguko kwenye pipa la takataka za ujenzi kule London. Akaichukua, akaifunga ndani ya kaboksi ka spika ya kuweka kwenye shelfu ya vitabu, ikawa amplifaya ya mazoezi. Haina kitufe hata kimoja, inatumia betri ya volti 9, nguvu yake haifiki wati moja, na ndani ni transista za jemaniamu. May alipochomeka gitaa lake na kile kiongeza trebo mbele akakuta inatoa sauti laini iliyobanwa, inayoimba kama chombo cha kupuliza, basi ikawa ndo ya kujengea zile okestra zake za gitaa. Kwa Good Company, 1975, alirekodi vipande vidogovidogo, akiigiza kila chombo jinsi kinavyopulizwa na kinavyopumua, halafu akavipanga juu ya vingine mpaka bendi ikakamilika.

Na bodi ile ilitoka wapi? Kwa miaka mingi hakuna aliyejua, watu wakawa wanatengeneza nakala kwa kupima tu sehemu moja moja. Baadaye sana ndo ikatambulika kuwa ni ya redio ya kubebeka, Supersonic PR80, iliyotengenezwa huku kusini mwa Afrika. Yaani moja ya sauti za gitaa zinazotambulika zaidi kwenye rock ya Uingereza inatoka kwenye matumbo ya redio ya mkononi.

Ukitaka kujaribu mwenyewe dada, tafuta redio ya zamani ya transista iliyokufa upande wa kunasa stesheni lakini spika yake inaunguruma bado, umwombe fundi akutolee waya wa kuingizia gitaa pale kabla ya sehemu ya kukuza sauti. Iwe ya betri, siyo ya ukutani, kwa usalama wako. Weka kiongeza trebo mbele, gitaa lifungue lote, maiki iwe karibu na spika, na urekodi noti moja moja, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja kwenye njia yake. Ukipiga kodi nzima kwa mpigo zinachafukana, lakini zikipangwa mojamoja zinakaa vizuri sana.